Mwendo wa Wawili na Mwendo wa Mmoja

Yapo maswali ambayo mtu huyajibu upesi kwa sababu jibu lake alifundishwa utotoni. Mojawapo ni hili: je, ni bora kwenda peke yako au kwenda na mwenzako? Mtoto yeyote aliyepita katika shule zetu za msingi atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Atakuambia umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Atakuambia kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi mwenyewe niliyaandika maneno hayo ubaoni kwa miaka mingi, tangu nilipotoka chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi nilipostaafu nikiwa mwalimu mkuu. Siyakani hata leo. Lakini methali ni kama dawa. Huponya ugonjwa wake, wala haiponyi kila ugonjwa.

Swali hilo limenirudia uzeeni kwa njia ambayo baadhi ya wazee wenzangu hapa Ilula wameiona ya kitoto. Limenijia kwa sababu ya mashindano ya baiskeli.

Hapa kwetu baiskeli haikuja kama mchezo. Ilula ni mji wa nyanya na vitunguu, na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia inapita katikati yake. Mkulima mwenye bustani bondeni hana budi kuyafikisha matenga yake barabarani kabla jua halijawa kali. Kabla pikipiki hazijaenea, kazi hiyo ilifanywa na vichwa vya akina mama na keria za baiskeli. Kijana alifunga matenga mawili kwa mipira ya tairi kuukuu, akasukuma kwenye mlima na kushuka kwenye mteremko huku breki zikilia. Hata leo wapo wanaofanya hivyo. Mjukuu wangu ni mmoja wao, na mapaja yake yamejengwa na matenga ya watu.

Kijana huyu, pamoja na rafiki yake ambaye ni fundi baiskeli karibu na stendi, walipata habari za mbio za siku tatu za baiskeli za milimani, zile zenye gia nyingi na tairi pana. Fomu ya mbio hizo iliwataka wachague. Mtu angeweza kuingia peke yake, au wawili wangeingia kama timu moja. Fedha waliyokuwa nayo ilitokana na msimu mmoja wa vitunguu. Ilitosha kiingilio, nauli na chakula, wala isingepatikana nyingine mwaka ule. Walikuja kwangu jioni, wakanishika mikono na kuniamkia, kisha wakaniuliza: Babu, tuingie vipi?

Sikuwajibu siku hiyo. Niliwaomba kwanza wanieleze mbio zenyewe, na mengine wakanionyesha kwenye simu zao. Naomba msomaji naye anivumilie nimweleze, maana bila kuujua mchezo huwezi kulijua swali.

Mbio ndefu za baiskeli za milimani zina namna tatu za kuingia. Ya kwanza ni ya kupokezana. Timu huwa na watu wawili, wanne au zaidi, nao wanazunguka njia moja kwa saa nyingi, pengine saa 24. Mmoja anapoendesha, wengine wanakula, wanalala au wanatengeneza minyororo. Ya pili ni ya jozi. Wawili wanaondoka pamoja, wanakwenda pamoja na kufika pamoja, kila mmoja kwenye baiskeli yake. Ya tatu ni ya mtu mmoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mfano mkubwa wa jozi barani mwetu ni mbio za Cape Epic za Afrika Kusini, zilizoanza mwaka 2004. Ni mbio za siku nane katika milima ya Rasi ya Magharibi. Sheria yake moja imenifurahisha kama mwalimu. Wenzi hawaruhusiwi kutengana kwa zaidi ya dakika mbili. Wakipita kwenye vituo vya ukaguzi wakiwa wameachana zaidi ya hapo, wanaongezewa saa nzima kwenye muda wao. Mfano wa mtu mmoja ni mbio za Leadville katika jimbo la Colorado, Marekani, zilizoanza mwaka 1994. Hizo ni za maili 100, yaani kama kilometa 160, katika nchi iliyoinuka zaidi ya meta 3,000 juu ya usawa wa bahari, na anayetaka kuhesabiwa amemaliza anapewa saa 12.

Baada ya kusikia hayo, nilichukua karatasi nikawatolea hesabu kama zile za darasa la sita. Chukua watu wawili. Mmoja anaweza kwenda kilometa 15 kwa saa, mwingine 12, na njia ni kilometa 60. Mwenye nguvu akiwa peke yake atatumia saa 4. Mwenzake akiwa peke yake atatumia saa 5. Wakipokezana, kila mmoja nusu ya njia, watatumia saa 2 na saa 2 na nusu, jumla saa 4 na nusu. Wakienda kama jozi watatumia saa ngapi? Fundi alijibu haraka kwamba ni saa 4 na nusu. Mjukuu wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema: Saa 5, Babu.

Naam, ni saa 5. Katika kupokezana, nguvu za mmoja hufidia udhaifu wa mwingine. Katika jozi nguvu hizo hazihesabiwi. Mwendo wa jozi ni mwendo wa yule wa nyuma, kila saa na kila kilima. Ni kweli kwamba mwenye nguvu anaweza kumsaidia mwenzake. Kwenye tambarare anaweza kutangulia ili amkinge upepo, anaweza kumbebea maji, anaweza kuziba pancha huku mwenzake akipumua. Lakini mlima hauna upepo wa kukingwa. Huko kila mtu anaubeba mwili wake mwenyewe. Kwa hiyo tunaposema kwamba umoja ni nguvu, inafaa tuulize tunasema umoja upi. Umoja wa kupokezana mzigo ni kitu kimoja, na umoja wa kufungwa kamba moja ni kitu kingine.

Haya siyasemi kwa kusoma tu. Nimewahi kuwa yule wa nyuma.

Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, mafuta yalikuwa adimu na magari machache. Nilikuwa nafundisha katika shule moja ya vijijini huku kwetu, na mishahara tuliifuata Iringa mjini. Kutoka Ilula hadi Iringa ni kama kilometa 45. Shule ilituma walimu wawili kwa baiskeli kuchukua mishahara ya wote, kwa sababu si busara mtu mmoja kubeba fedha za watu saba. Mara nyingi niliteuliwa mimi pamoja na mwalimu mwenzangu mmoja, mrefu, mwenye kifua kama mlango. Mimi sikuwa na kifua hicho, na goti langu moja lilikuwa na kasoro tangu utotoni.

Njia ile ina vilima vingi. Unapita Lugalo, mahali ambapo mashujaa wa Mtwa Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani la Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Unaendelea hadi Ipogolo, penye bonde la Ruaha Mdogo, na hapo unaanza mlima wa mwisho wa kupanda mjini, ambao hauna huruma kwa mtu aliyekwisha kuchoka. Mwenzangu alikuwa mtu mwema. Hakuniacha kamwe moja kwa moja. Kwenye kila kilima alitangulia, akanisubiri juu kivulini, na nilipofika alisema kwa uchangamfu, Twende, Mwalimu! Tukaondoka.

Safari moja, tukiwa tunarudi na mfuko wa fedha umefungwa kwenye keria yangu, alitangulia kama kawaida akapotelea nyuma ya kilima. Nikiwa katikati ya mlima, nasukuma kwa miguu, watu wawili nisiowajua walitoka vichakani wakaniuliza saa. Niliwajibu. Walitembea nami kitambo kirefu, mmoja kulia na mwingine kushoto, wakiutazama ule mfuko, kisha wakashika njia yao. Hawakunifanya lolote. Pengine walikuwa wasafiri tu. Lakini katika kitambo kile nilielewa kwamba watu wawili waliotenganishwa na kilima ni watu wawili ambao kila mmoja yuko peke yake. Shule ilidhani imetuma jozi, kumbe sivyo.

Nilipofika juu nilimwambia mwenzangu neno ambalo nilikuwa nimelibeba safari nyingi. Nilimwambia: Ndugu yangu, wewe unaponisubiri unapumzika. Nikifika, unaondoka. Kwa hiyo wewe umepumzika mara kumi tangu asubuhi, nami sijapumzika hata mara moja. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Hakuwa amelifikiria jambo hilo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, hata kwa mtu mwenye moyo mzuri.

Kuanzia hapo alikaa nyuma yangu kwenye milima, mimi nikaweka mwendo, naye akatangulia kwenye tambarare kunikatia upepo. Hatukuchelewa zaidi ya siku nyingine. Sikuwa tena nakimbizana na mgongo wa mtu hadi pumzi ikakatika, na vile vituo vya kusubiriana vikatoweka. Lakini nilimwona akiumia kwa namna yake. Kwenda polepole kuliko nguvu zako, kilometa nyingi, bila kunung'unika na bila kumfanya mwenzako ajione mzigo, ni kazi ngumu kuliko kukanyaga pedali. Tuliendelea hivyo mpaka usafiri ulipopatikana, na urafiki wetu ulidumu hadi tulipomzika.

Niliwasimulia vijana habari hiyo, kisha nikawaambia wasinijibu kwa maneno. Niliwatuma wakapande milima ya upande wa Kilolo kwa siku mbili mfululizo, kwa sharti moja: fundi atangulie kwenye kila mlima, na mjukuu wangu asimpite.

Walirudi siku ya pili jioni wamejaa vumbi. Mjukuu wangu alikaa kimya, akinywa uji bila kuinua macho. Aliyesema ni fundi. Alisema: Babu, hakunipita hata mara moja. Lakini nilikuwa nasikia tairi lake nyuma yangu mlima mzima. Sitaki kulisikia siku tatu mbele za watu.

Nakiri maneno hayo yalinigusa, kwa sababu nilikuwa nimezoea kulitazama jambo hili kwa upande wa haki ya mnyonge kutoachwa. Kijana yule alinikumbusha kwamba mnyonge anayo haki nyingine pia, nayo ni kutoburutwa. Anaweza kupenda zaidi mahali pake pa chini alipopapata kwa miguu yake kuliko mahali pa juu alipofikishwa kwa kusubiriwa.

Habari ya kijana wangu ilipoenea, wapo wazee waliosema barabarani kwamba siku hizi watoto wana ubinafsi, na kwamba zamani tulifanya kila kitu pamoja. Tulifanya mengi pamoja, ndiyo. Lakini sisi tuliokuwa watu wazima wakati wa Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 tunalikumbuka shamba la kijiji. Tunakumbuka jinsi magugu yalivyostawi humo huku bustani za nyuma ya nyumba zikiwa safi. Na tunakumbuka pia mgowe wetu wa Kihehe, pale majirani walipoalikana kulima, leo kwako, kesho kwangu, na shamba likaisha kabla pombe haijaisha. Watu walikuwa wale wale na majembe yale yale. Tofauti ni kwamba kwenye mgowe mtu alikuja kwa kuitwa na jirani, akijua kwamba zamu yake itafika.

Tena, anayeingia peke yake asidhani kwamba yuko peke yake. Mwaka 1996, katika mbio za saa 24 za Canaan huko West Virginia, Marekani, Mmarekani mmoja aitwaye John Stamstad alitaka kushindana peke yake wakati mbio zile zilikuwa za timu tu. Alijaza fomu ya watu wanne kwa kuliandika jina lake mwenyewe kwa namna nne. Akaendesha zamu zote za watu hao wanne, usiku na mchana, na timu nyingi zenye watu wanne wa kweli zikafika nyuma yake. Vijana hucheka sana wakisikia kisa hicho. Mimi nacheka pia, kisha nauliza: mtu anayeendesha saa 24 bila kupokewa, nani humpa maji usiku? Nani hushika taa mnyororo ukikatika? Mtu mmoja husimama kwenye orodha ya majina, lakini nyuma yake pana watu.

Jirani zetu Wakenya wanaonyesha hivyo. David Kinjah wa Kikuyu, mwendesha baiskeli ambaye Chris Froome alijifunza kwake akiwa kijana kabla ya kushinda mbio za Ufaransa mara nne, ameishi na kufundisha vijana wengi nyumbani kwake. Wanakula pamoja, wanatengeneza baiskeli pamoja, wanapanda milima pamoja. Siku ya mbio kila mmoja huvaa namba yake. Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya Amani yenye vijana wa Afrika Mashariki, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mbio za njia za changarawe huko Vermont, Marekani. Katika mbio za namna ile kila mtu huhesabiwa kwa muda wake, na kwenye mteremko hakuna wa kukushikia usukani. Lakini waliomlilia walilia kama timu. Namtaja kwa heshima, na pia ili kijana asidhani kwamba mlima ni mahali pa kuonyesha majivuno, awe na mwenzi au asiwe naye.

Basi iliamuliwa hivi. Mjukuu wangu akaingia peke yake. Fundi akaenda naye kwa fedha ile ile, akiwa na mfuko wa spana, tyubu, viraka na pampu, na kazi yake ikawa kuitengeneza baiskeli kila jioni ili asubuhi iwe tayari. Mama yake mjukuu wangu alinilaumu kidogo. Aliogopa mwanawe akianguka porini bila mwenzake. Hofu yake ilikuwa ya haki, maana hiyo ndiyo faida kubwa ya jozi ambayo hesabu yangu ya karatasini haikuionyesha. Yupo mtu wa kupiga kelele ukianguka. Tukakubaliana kwamba kijana asianze mteremko wowote mkali bila kuwa na mwendeshaji mwingine mbele yake au nyuma yake anayemwona, hata kama ni kwa kupoteza dakika.

Alimaliza siku zote tatu. Nafasi yake haikuwa ya kutangazwa redioni, na fedha ya vitunguu haikurudi. Siku ya pili mnyororo ulimkatikia, akatembea kwa miguu akisukuma mpaka alipokuta fundi amemjia kwa upande wa kituoni, akitweta, na spana mkononi. Walipofika nyumbani walikuwa wanabishana kama ndugu juu ya nani aliyefunga mnyororo ule vibaya. Nilifurahi kuwasikia wakibishana. Niliogopa zaidi kuwaona wamerudi wakiwa wapole sana kila mmoja kwa mwenzake.

Msomaji mpendwa, pengine hutapanda baiskeli ya milimani kamwe. Lakini utaalikwa kuingia biashara ya wawili, au shamba la wawili, au kazi yoyote ambayo wawili watahesabiwa kama mmoja. Kabla hujatia sahihi, jiulize mambo matatu. Je, naweza kuufanya mwendo wa mwenzangu kuwa mwendo wangu bila kumhesabia? Je, yeye anapenda kusubiriwa, au ananyamaza kwa aibu tu? Na tukiachana kilima kizima, nani amebeba mfuko wa fedha? Ukipata majibu mazuri, nenda na mwenzako, nawe kaa nyuma yake kwenye milima. Usipoyapata, nenda peke yako kwa moyo mweupe, umwombe rafiki yako akungoje jioni na spana.